Mtumishi: neno la mezani lililogeuka cheo

Wiki moja kabla ya kampeni ya injili, afishi hubandikwa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, kuanzia Birere hadi Ndosho. Zitazame vizuri. Nusu ya karatasi ni uso wa mhubiri, tai na saa ya mkononi vikionekana. Juu pameandikwa "Mtumishi wa Mungu", kisha vyeo vinafuatana: Apotre (yaani mtume), Nabii, Dokta. Mada, uwanja na saa vimebanwa chini kwa herufi ambazo abiria wa pikipiki hawezi kuzisoma.

Hapo neno mtumishi halitaji tena kazi, linataja daraja. Siku ya mkutano mtumishi hushuka garini mikono mitupu, na nyuma yake kijana amebeba Biblia, chupa ya maji na kitambaa cha kufutia jasho. Kijana huyo, ambaye kwa Kiswahili cha kila siku ndiye anayetumika, hana cheo chochote.

Kiswahili chenyewe hakina kosa. Shina ni moja: tuma, tumwa, tumika, tumikia. Humo mmetoka mtume, mtumishi na mtumwa. Paulo anapojitambulisha kwa Warumi anatumia mawili kati ya hayo, na anajiita kwanza mtumwa wa Kristo Yesu, ndipo aseme ameitwa kuwa mtume (Warumi 1:1). Afishi zetu zimelichukua la pili. La kwanza hakuna anayelichapisha kwa rangi ya dhahabu.

Uongozi wa kitumishi, basi, ni kushika nafasi na mamlaka kwa faida ya wale unaowaongoza, hata pale ambapo wewe hupati kitu wala hutajwi. Kutafuta umaarufu ni kushika nafasi hiyohiyo ili watu wakuangalie. Tofauti haimo katika sauti ya upole wala katika kuinamisha kichwa mtu anaposifiwa, maana hayo yanaweza kujifunzwa mbele ya kioo. Angalia kazi inaelekea wapi: inashuka kwa watu, au inapanda kwa kiongozi?

Katika Marko 10:43-44 Yesu anatumia maneno mawili ambayo kwa Kigiriki yana uzito tofauti. La kwanza, diakonos, ndilo tunalolitafsiri mtumishi, na pengine shemasi. Kwa matumizi ya siku zile lilimfaa hata mtu anayepeleka chakula mezani. La pili, doulos, ni mtumwa kabisa, mtu asiye na saa zake mwenyewe. Anayetaka kuwa mkubwa awe la kwanza. Anayetaka kuwa wa kwanza awe la pili. Kadiri unavyopanda ndivyo neno linavyozidi kushuka.

Anayetaka kuwaona hao diakonoi wakiwa kazini asome harusi ya Kana, Yohana 2. Wengi tunakumbuka divai tu. Kulikuwa na mabalasi sita ya mawe, kila moja likichukua nzio mbili au tatu, yaani karibu litri 80 hadi 120. Yote sita yakijazwa ni litri 480 hadi 720. Tuhesabu kwa kipimo cha hapa: ni bidoni 24 hadi 36 za litri 20. Mwenye kupanda na bidoni kutoka ziwani siku ambazo mabomba yamekauka anajua uzito wa hesabu hiyo. Na hawakujaza nusu; Yohana anasema walijaza hata juu. Kisha mkuu wa meza akaonja, akamwita bwana arusi, akampa yeye sifa. Bwana arusi hakuwa amefanya kitu. Katikati ya habari Yohana ameweka maneno machache: mkuu wa meza hakujua divai imetoka wapi, lakini watumishi walioteka maji walijua. Majina yao hayakuandikwa. Malipo yao siku ile yalikuwa kujua.

Kujulikana peke yake si dhambi. Habari za Yesu zilienea Galilaya yote (Marko 1:28), na yeye hakuzizuia zote. Tazama lakini alichofanya kesho yake. Alfajiri alikwenda kuomba mahali pasipo watu, wanafunzi wakamfuata wakimwambia kwamba wote wanamtafuta. Kwa mhubiri wa leo hiyo ni habari ya kuongeza siku tatu za kampeni na kukodi sono (vyombo vya sauti) kubwa zaidi. Yeye alisema twende vijiji vingine. Umati haukumpangia ratiba.

Vivyo hivyo kuna mistari miwili ambayo watu huigonganisha: nuru yenu iangaze mbele ya watu (Mathayo 5:16), na msifanye wema machoni pa watu (Mathayo 6:1). Haigongani. Kila mmoja unataja lengo lake. Katika wa kwanza watu wanaona, wanamtukuza Baba. Katika wa pili mtu anafanya ili atazamwe yeye. Tendo linaweza kuwa lilelile, hata kwa gunia lilelile la mchele.

Si haki kusema kila anayetafuta jina ana kiburi. Wachungaji wengi wa mji huu hawana mshahara. Wanaishi kwa sadaka na fungu la kumi, kodi ya nyumba inangoja, watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa minerval, yaani karo. Watu wakijaa kanisani, nyumbani kunapikwa. Wakihamia kwa nabii mpya wa mtaa wa pili, sufuria inakauka. Katika hali hiyo umaarufu ni chakula. Ndiyo maana mahubiri juu ya unyenyekevu hayatoshi, na dawa ya kwanza ni ya hesabu: kanisa limpangie pasta kiasi kinachojulikana cha mwezi, kisichopanda wala kushuka kwa kufuata sadaka ya Jumapili. Kiwe kidogo kama uwezo ni mdogo, lakini kiwe kimoja. Paulo alitetea haki ya mhubiri kuishi kwa injili (1 Wakorintho 9:14), na yeye mwenyewe alishona mahema Korintho ili neno lake lisitegemee mfuko wa msikilizaji (Matendo 18:3). Pasta mwenye duka la sabuni au darasa la kufundisha hajapunguza wito wake.

Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa jamaa moja, mara tu baada ya ibada, kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani. Dola zitengwe na franka. Kila aina ya noti ihesabiwe peke yake, kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote watatu watie sahihi kwenye daftari lenye kurasa zilizopigwa namba. Pasta hahesabu. Mama mchungaji hahesabu. Jumla ya mwezi isomwe mbele ya watu au ibandikwe mlangoni, pamoja na matumizi. Utaratibu huu si wa wazungu wala wa miradi: Paulo alipokusanya mchango wa kupeleka Yerusalemu alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, akaeleza sababu waziwazi, kwamba mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha ile (2 Wakorintho 8:18-22). Panapoharibika mara nyingi ni wiki ya tatu au ya nne: mmoja wa watatu amesafiri, mwingine anaumwa, basi pasta "anasaidia kidogo" kuhesabu, na tangu hapo daftari halionekani. Teueni watano tangu mwanzo ili watatu wapatikane siku zote.

Kutawadha miguu nako kumeeleweka vibaya. Katika Yohana 13 kazi ile ilikuwa na uchafu wa kweli, kama wa mguu uliotoka Majengo kwa ndala katika vumbi jeusi la volkano. Yesu alivua vazi, akajifunga kitambaa, akatia maji katika beseni, akaanza, Yuda alikuwamo. Leo makanisa mengine hufanya sherehe ya kutawadhana, na watu huja miguu imeshasuguliwa kwa sabuni nyumbani, soksi mpya, simu tatu zinarekodi. Si vibaya kama kumbukumbu. Ila mfano wenyewe ulikuwa kazi iliyohitaji kufanywa na ambayo hakuna mtu mezani aliyetaka kuifanya. Kwa kanisa la leo hiyo ni choo cha uani, kulala hospitali na mgonjwa asiye na ndugu, kukusanya viti vya plastiki wakati mvua inaanza. Angalia pia mstari wa 12 na 13: alipomaliza alivaa vazi lake, akaketi, akasema mnaniita Mwalimu na Bwana, na mwanena vema. Hakuacha uongozi. Mtumishi anayeogopa kukata shauri kwa kuwa "mimi ni mnyenyekevu tu" anawaachia wenye sauti kubwa waamue, na wanaoumia ni wale wale wadogo.

Kosa linaloenea zaidi ni kuugeuza utumishi uelekee juu. Kijana mwenye wito anaambiwa amtumikie kwanza mtumishi: aoshe gari, ateke maji ya pasta, abebe begi, angoje mlangoni. Andiko linalotolewa ni Elisha aliyemmiminia Eliya maji mikononi (2 Wafalme 3:11). Ni kweli alimmiminia. Lakini Eliya alimwachia vazi lake, na Elisha akavuka Yordani kwa vazi hilo akaanza kazi (2 Wafalme 2:13-14). Kipimo ni rahisi. Baada ya miaka miwili, kijana huyo ameshahubiri mara ngapi? Amewahi kuongoza mazishi, kupatanisha ndoa, kuendesha kikao cha komite? Kama bado anajua kuosha gari tu, hakufunzwa, alitumiwa. Katika Yohana 13, isitoshe, aliyemimina maji ni mwalimu.

Andiko jingine linalofunga midomo ni "Msiwaguse masihi wangu" (Zaburi 105:15). Hutajwa pindi mshirika anapouliza juu ya kiwanja kilichouzwa. Wasomaji warudi nyuma mistari mitatu tu. Wanaolindwa pale ni Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni wasio na kwao, wakitangatanga toka taifa hata taifa. Wanaoonywa ni wafalme. Lilikuwa neno la kumlinda mnyonge dhidi ya mkubwa. Kulitumia ili mkubwa asiulizwe na mjane ni kulipindua. Petro mwenyewe alipingwa na Paulo ana kwa ana, mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14), na utume wake haukuisha.

Waraka wa 3 wa Yohana, mistari ya 9 na 10, unamtaja mtu anayeitwa Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza. Kinachosaidia ni kwamba Yohana haishii kwenye tabia, anaorodhesha matendo: hamkubali Yohana na wenzake, anawasema kwa maneno maovu, hawakaribishi ndugu wageni, na wanaotaka kuwakaribisha anawafukuza kanisani. Kiongozi akianza kukataa kila mhubiri mgeni anayehubiri vizuri kumzidi, msisubiri hadi tendo la nne.

Mfano wa hapa mjini haukutoka hata kwenye mimbari. Floribert Bwana Chui alikuwa mlei Mkatoliki, kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio, akihudumia maibobo, watoto wa mitaani wa Goma. Kazini, katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa Julai 2007. Kanisa lilimtangaza mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Alipokuwa anakataa, hakukuwa na afishi.

Turudi kwenye kampeni, maana haitaachwa na haina haja ya kuachwa. Iandikwe mada kwanza kwa herufi kubwa, uwanja na saa zifuate, majina ya wahubiri mwishoni kwa ukubwa mmoja, bila picha au kwa picha ya mahali. Fotei za mbele, viti vya wakubwa, ziondolewe. Wazee na wanaotembelea magongo wakae karibu, kwa sababu Yakobo 2:2-4 inazungumzia jambo hilohilo la kiti. Watu wa protokoli, wanaowakaribisha na kuwaketisha watu, waambiwe hivyo mapema, la sivyo mazoea yatawashinda tajiri akifika amechelewa. Kabla ya kukodi sono, wateuliwe watu wa daftari: anayeamua kumfuata Kristo aandikwe jina, mtaa na simu, na kila mtaa uwe na watu wawili watakaomtembelea ndani ya siku saba. Keshero wawili, Himbi wawili, Katindo wawili. Mhubiri mgeni atakuwa ameshaondoka. Daftari lisipande gari lake. Libaki kwa katibu wa kanisa, na Jumapili inayofuata asome ni wangapi wamefikiwa na ni wangapi simu zao hazipatikani.