Kampuni mbili za ndege zikiungana, rubani huogopa nini khasa?

Ikivuma habari kwamba kampuni mbili za ndege zinaungana, barazani shauri hukatwa palepale: nusu ya marubani watarudi nyumbani. Hiyo ni hesabu ya duka. Ukiunganisha maduka mawili ya Darajani, kweli hutahitaji tena makeshia wawili. Rubani yeye hufuata ndege. Zikibaki ndege zilezile na safari zilezile, marubani wanaotakiwa ni karibu walewale. Wanaotangulia kuguswa ni watu wa ofisini: wahasibu, wa mauzo, wa kaunta za tiketi.

Rubani hupungua pale safari zinapofutwa. Chukua Caravan, ndege ndogo zinazoruka kati ya viwanja vya Kisauni, Unguja, na Wawi, Pemba. Ndege hiyo inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, ndiyo maana ikijaa, abiria mmoja hukaribishwa kiti cha mbele kulia na kuambiwa asiguse kitu. Sasa tuseme kampuni mbili kila moja ina safari yake ya asubuhi kwenda Pemba, nusu ya viti vitupu. Zikiungana, safari hizo zitafanywa moja. Ndege moja italala, na rubani wake atabaki hana cha kurusha. Wasiwasi wa barazani basi una msingi, ila hesabu yake ianze kwenye ratiba, siyo kwenye idadi ya watu.

Wengine husema, "Rubani ni rubani, atahamia ndege yoyote." Hahamii. Anayerusha ATR, ndege ya mapanga, hawezi kesho kukaa kwenye Boeing bila mafunzo ya ndege hiyo na kuandikiwa kwenye leseni, na mafunzo hayo huchukua wiki kadhaa, mengi yake ndani ya simuleta, yaani mashine inayoigiza ndege. Kwa hiyo kampuni iliyoungana yaweza kuwa na marubani wa ziada wa ndege moja huku inatangaza nafasi za nyengine. Kijana anayesomea urubani asikate tamaa kwa kusikia tu neno "kuungana".

Dhana inayopotosha zaidi ni kwamba ugomvi wa kuungana ni wa marubani na mwajiri, na chama chao kitasimama kama mtu mmoja. Mara nyingi ugomvi mkali ni wa marubani kwa marubani, na chanzo chake ni orodha ya ukongwe.

Katika kampuni kubwa nyingi, khasa za Marekani, kila rubani ana namba. Namba hiyo inatokana na siku aliyoajiriwa. Umahiri na saa alizoruka kwengine havihesabiwi. Ndiyo inayoamua nani apandishwe kuwa kapteni, nani arushe ndege kubwa, nani apate mapumziko siku za sikukuu, na nani atangulie kutoka kazi zikipungua. Orodha mbili zikichanganywa, wa kampuni kongwe watataka ifuatwe tarehe ya kuajiriwa. Wa kampuni changa watasema: mimi nilikuwa karibu na ukapteni kwetu, iweje leo niwe mkiani?

Kampuni za Marekani za US Airways na America West ziliungana 2005. Mwaka 2007 msuluhishi George Nicolau alitoa orodha moja: aliwaweka juu wakongwe mia chache wa US Airways, waliofuata akawachanganya kwa uwiano, na waliokuwa wamesimamishwa kazi akawatia chini. Mtu mwenye zaidi ya miaka kumi ya utumishi akajikuta chini ya aliyeajiriwa juzi. Marubani wa US Airways, waliokuwa wengi, walipiga kura 2008, wakakitoa chama cha ALPA na kuweka chama chao wenyewe. Makundi mawili yakaruka kwa jina moja bila kuchanganywa, kila moja na mkataba wake wa zamani wa mishahara. Hadi US Airways ilipoungana na American mwishoni mwa 2013, orodha hiyo moja haikuwa imeanza kutumika. Sioni mwajiri gani angeweza kuwaumiza zaidi ya hivyo.

Si lazima iwe hivyo. Zilipoungana Delta na Northwest, nazo za Marekani, 2008, marubani wa pande zote mbili walikuwa chini ya ALPA, wakakubaliana mkataba mmoja kabla muungano haujakamilika, na orodha ikatoka kwa wasuluhishi Desemba ya mwaka huohuo. Kabla yake, American ilipoinunua kampuni ya TWA 2001, marubani wengi wa TWA walitiwa mkiani. Kilio chao ndicho kilicholeta sheria ya Marekani ya 2007 inayotaka orodha zichanganywe kwa haki.

Mwajiri naye ana yake. India, Aprili 2024, kampuni ya Vistara ilifuta safari nyingi baada ya marubani kugomea mkataba mpya wa kuelekea kuungana na Air India, uliowahakikishia malipo ya saa 40 kwa mwezi badala ya 70.

Na kununua hisa siyo kuungana. Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision Air mwaka 2003, lakini kila kampuni ilibaki na marubani wake.

Huku kwetu Zanzibar kuna jambo wengi hawalijui. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano wa Tanzania, na leseni ya rubani wa Unguja na wa Dar inatoka mamlaka moja. Ajira siyo ya Muungano. Zanzibar inafuata Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, Bara wana yao ya 2004. Kampuni ya Kisauni ikiungana na ya Dar, marubani wawili wa Caravan ileile wanaweza kuwa na madai yanayopelekwa sehemu mbili tofauti. Kabla ya kuuliza mshahara mpya, muulize mwajiri mkataba wako utahesabiwa wa upande gani, na kama miaka yako ya kazi inahama pamoja nawe. Majibu yote mawili uyatake kwa maandishi.