Kufua na Kukausha Kinga ya Godoro ya Sufu: Maswali na Majibu

Kinga ya godoro ni tandiko linalokaa kati ya godoro na shuka, likipokea jasho na vumbi ambavyo vingezama kwenye godoro lenyewe. Hapa tunazungumzia ile ya sufu, yaani manyoya ya kondoo. Tusiichanganye na sufi, ile pamba ya mti wa msufi inayojazwa kwenye mito. Majina yamekaribiana, lakini matunzo yake hayafanani. Maswali haya yanawahusu zaidi watu wenye pumu au mzio, na wazazi wenye watoto wadogo.

Tandiko la kitandani linahusianaje na afya?

Kila usiku mwili hutoa jasho na ngozi hupukutisha chembe ndogo ndogo. Chembe hizo ni chakula cha utitiri wa vumbi, vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Utitiri huu haung'ati. Tatizo ni kinyesi chake, chenye protini inayoamsha mzio: chafya za asubuhi, pua inayochuruzika, macho yanayowasha, na kwa mwenye pumu, kifua kubana usiku.

Jambo moja linafaa kukumbukwa hadi mwisho wa maelezo haya. Utitiri haunywi maji, bali hufyonza unyevu ulio hewani. Mahali palipo na unyevu hustawi, na hewa ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevu hupungua na kufa. Ndiyo maana nasisitiza kukausha kuliko hata kufua. Kinga iliyofuliwa vizuri kisha ikarudishwa kitandani ikiwa na ubichi kwa ndani ni mbaya kuliko ile ambayo haikufuliwa.

Tunaambiwa matandiko yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 ili utitiri ufe. Kwa nini nisifanye hivyo kwa sufu?

Ushauri huo ni sahihi kwa shuka na foronya za pamba. Unywele wa sufu una magamba madogo juu yake, mithili ya vigae vya paa. Ukiyapa joto, maji na msuguano kwa pamoja, magamba hufunguka na kushikana, nyuzi zikasokotana zisiachane tena. Tandiko linasinyaa na kuwa gumu kama mkeka, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Habari njema ni kwamba protini ile ya mzio huyeyuka hata katika maji ya baridi. Kwa hiyo kufua kwa maji yasiyo moto huondoa sehemu kubwa ya kinachokuumiza, ingawa baadhi ya utitiri hubaki hai. Ukitaka kuua na huo uliobaki, na una friza yenye nafasi, ifunge kinga kwenye mfuko wa plastiki uigandishe saa 24 au zaidi, kisha uifue. Usiishie kwenye kugandisha tu, maana utitiri uliokufa na kinyesi chake bado vimo ndani.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye lebo. Mchoro wa beseni wenye namba 30 maana yake maji yasizidi nyuzi 30. Beseni lenye mkono ni kufua kwa mkono. Mstari mmoja chini ya beseni unakutaka ufue polepole, miwili polepole zaidi. Beseni lililokatwa kwa alama ya X halina mjadala: kinga hiyo haifuliwi kwa maji, ipeleke kwa dobi wa kufua kikavu.

Kisha ikung'ute nje ya nyumba, au pitisha kifyonza vumbi pande zote mbili. Mwenye pumu asiifanye kazi hii, na asipokuwa na wa kumsaidia, avae barakoa.

Kabla hujailowesha, ipime uzito na uandike namba hiyo mahali. Nitaeleza sababu kwenye swali la kukausha.

Sabuni gani inafaa?

Sabuni ya maji ya nguo za sufu. Sabuni nyingi za unga zina ukali unaokausha na kuchakaza sufu. Zipo pia zenye vimeng'enya vya kula protini, vinavyosifiwa kwa kuondoa madoa ya chakula na damu. Sufu yenyewe ni protini, kwa hiyo vimeng'enya hivyo huila pia. Ukikosa sabuni ya sufu, tumia shampuu laini isiyo na manukato, kwa sababu nywele zetu na sufu zimeumbwa kwa protini ya aina moja. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiisogeze kabisa, kwani huyeyusha sufu. Dawa ya kulainisha nguo haihitajiki, na manukato yake huwasumbua wenye mzio.

Nikifua kwa mkono, nifanyeje?

Tumia beseni kubwa au bafu la kuogea. Maji ya nyuzi 30 hayana joto mkononi, ukiyagusa karibu usihisi kitu. Ukihisi vuguvugu la kupendeza, tayari yamezidi. Koroga sabuni kwanza hadi ienee, ndipo uizamishe kinga.

Hapo mikono yetu iliyozoea kufikicha ndipo inapokosea. Usifikiche, usisugue, usipige. Weka viganja viwili bapa juu ya kinga, ikandamize chini taratibu, kisha iachie. Utaona maji yanabadilika rangi na kuwa ya kijivu hafifu bila nguvu yoyote. Dakika 10 zinatosha. Suuza mara mbili au tatu kwa maji ya joto lile lile, mpaka yasitoe povu, maana mabaki ya sabuni huwasha ngozi.

Usiinyanyue kwa ncha moja. Sufu iliyolowa ni dhaifu na nzito, uzito wa maji huivuta ikapoteza umbo. Mwaga maji kwanza, ikandamize ubavuni mwa beseni, kisha ibebe kwa mikono yote miwili kama unavyobeba mtoto aliyelala.

Na mashine?

Ruhusa ikiwa lebo imekubali. Chagua mzunguko wa sufu, maji nyuzi 30 au baridi, na mkamuo wa kasi ndogo. Usiijaze pamoja na jinzi wala taulo.

Nikaushe vipi, na nitajuaje kwamba imekauka kweli?

Usiisokote kuikamua. Tandaza taulo kubwa kavu, ilaze kinga juu yake, zikunje pamoja kama jamvi, kisha kandamiza kwa magoti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Rudia kwa taulo la pili. Hatua hii inapunguza saa nyingi za kuanika.

Ianike ikiwa imelala bapa, juu ya kianikio chenye nafasi za kupitisha hewa chini. Ukilazimika kutumia kamba, tumia mbili au tatu zinazokwenda sambamba ili uzito ugawanyike. Kivuli chenye upepo ndicho bora, kwa sababu jua kali la muda mrefu huifanya sufu iwe ya manjano na kukatikakatika. Igeuze kila baada ya saa chache. Ikishakauka, saa moja ya jua haidhuru na huwasumbua utitiri waliobaki. Kikausha nguo cha moto kiache, isipokuwa lebo imekiruhusu. Ndani ya nyumba fungua madirisha na uwashe feni, usiianike chumba cha kulala unyevu ukabaki humo.

Sasa kuhusu kujua. Sufu hudanganya mkono. Inaweza kushika maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake na bado ukaigusa ukaona ni kavu. Kinga ya kilo 2 inaweza kuficha zaidi ya nusu kilo ya maji. Ndiyo sababu ya ule uzito ulioandika: irudishe kwenye mizani, na ikiwa bado imezidi, iache ianikwe. Usiyekuwa na mizani, bana sehemu nene, hasa kwenye mishono na pembe, kisha iguse kwa shavu. Ikiwa ya baridi kuliko shuka iliyo kabatini, bado ni mbichi. Kinga nene huchukua siku mbili, wakati mwingine tatu, kwa hiyo uwe na tandiko lingine la kutumia.

Mtoto amekojoa, au kuna doa la damu.

Wahi. Kandamiza kitambaa kikavu kinyonye, kisha tumia maji ya baridi. Maji ya moto huigandisha damu ndani ya nyuzi. Kwa harufu ya mkojo, kijiko cha siki nyeupe katika kikombe cha maji husaidia. Hapa naomba usikilize kwa makini: kamwe usichanganye dawa ya klorini na siki, wala usimwage dawa hiyo ya klorini juu ya mkojo. Michanganyiko hiyo hutoa gesi zinazounguza mapafu.

Kwa kitanda cha mtoto mchanga, tandiko liwe jembamba, limekaza, lisikunjamane. Mtoto mchanga alale juu ya godoro gumu lililo bapa.

Nyumbani kuna upele au kunguni. Itabidi niitupe?

Hapana. Vidudu vya upele kwa kawaida haviishi zaidi ya siku 2 au 3 nje ya ngozi ya mtu, kwa hiyo funga kinga ndani ya mfuko wa plastiki wiki moja, huku watu wote wa nyumba wakitibiwa kwa wakati mmoja. Kunguni ni habari nyingine. Hukaa miezi bila kula, mfuko pekee hautoshi. Igandishe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4, na chumba chote kishughulikiwe.

Niifue mara ngapi?

Mara mbili kwa mwaka inatosha kwa watu wengi, na kila inapochafuka. Kinachofaa kufanywa mara nyingi ni kuianika hewani, bila maji, kila unapobadilisha shuka. Asubuhi pia usikimbilie kutandika, acha kitanda wazi kidogo jasho la usiku litoke.

Nimefanya yote na bado nakohoa usiku.

Nenda kituo cha afya. Kikohozi cha usiku kinachorudiarudia, au kifua kinachopiga filimbi, kinahitaji kupimwa. Na kama tayari una dawa ya kuvuta ya pumu, usiiache kwa sababu kitanda sasa ni kisafi.

Nimeona madoa meusi na harufu ya uvundo.

Hiyo ni kuvu, na huanza kuota unyevu ukikaa saa 24 hadi 48. Yakiwa machache juu juu, itoe nje, ipigwe brashi, ifuliwe na ikaushwe kama tulivyoeleza. Yakiwa yameingia ndani ya sufu, au chumbani analala mtu mwenye pumu, itupe, kisha uinue godoro uangalie upande wa chini.