Kabla ya kupita Mariakani, inua kapeti ya buti

Gari dogo lililoteremshwa Kilindini kutoka Japani miaka ya karibuni huenda halina tairi la akiba, yaani spea, na mwenyewe hajui. Buti hufunguliwa kila siku kutiwa mboga za Kongowea, lakini kapeti ya chini haiinuliwi mpaka siku ya pancha. Ikiinuliwa, mahali pa gurudumu pana povu gumu, na ndani yake kijipampu cha umeme, chupa ya dawa ya kuziba pancha, nzito kama maziwa, na maelezo kwa Kijapani. Toyota Aqua, Honda Fit, Nissan Note na Mazda Demio nyingi huja hivyo. Usimshuku aliyekuuzia wala vijana wa bandarini. Ndivyo gari lilivyotoka kiwandani.

Kwa hiyo swali tunaloulizwa sana katika karakana yetu ya mafunzo ni hili: ninunue spea, au hiyo chupa yatosha? Kwa mkazi wa Mombasa, tunatazama zaidi gari linakwenda wapi kuliko gari ni la aina gani. Anayezunguka kati ya Nyali, Tudor na Changamwe anaweza kuishi na chupa, maana fundi wa pancha hayuko mbali. Anayevuka Mariakani kuelekea Voi, au anayeingia ndani Kinango, anunue spea.

Watengenezaji wana hesabu zao. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilieleza mwaka 2015 kwamba asilimia 36 ya modeli za mwaka huo ziliuzwa bila spea, ilhali mwaka 2006 zilikuwa asilimia 5 tu. Viwanda vinabanwa na sheria za moshi na matumizi ya mafuta, na kila kilo inayoondolewa huonekana kwenye vipimo. Kwako wewe dereva faida hiyo ni ndogo mno. Makadirio ya serikali ya Marekani ni kwamba mzigo wa ziada wa kilo 45 hupunguza kwa asilimia 1 hivi umbali ambao gari huenda kwa lita moja. Spea na jeki yake kwa kawaida hazifiki hata nusu ya uzito huo. Basi akikwambia mtu utoe spea uokoe petroli, mwulize kwanza ni lini mara ya mwisho alipima upepo wa matairi manne yaliyo chini. Hapo ndipo petroli nyingi inapopotea.

Yako magari ambayo kweli hayana nafasi. Honda Fit ya haibridi imewekewa betri chini ya sakafu ya buti, palepale ambapo spea ingelala. Nissan Leaf, ambayo ni ya umeme mtupu, nayo huja na chupa na pampu tu. Mwenye gari la namna hiyo akitaka spea itabidi ikae juu ya sakafu, na hapo ifungwe kwa mkanda imara. Gurudumu la kilo 12 lisilofungwa, gari likigonga kitu, litaruka mbele na kuwapata waliokaa kiti cha nyuma.

Sasa hiyo chupa. Dawa yake huingizwa kupitia vali ya tairi, pampu inasukuma upepo, kisha unaendesha papo hapo kilomita chache ili dawa isambae ndani na kuziba tundu. Unasimama, unapima upepo, unaongeza ukipungua, halafu unaendelea bila kuzidi kilomita 80 kwa saa hadi kwa fundi. Kwa msumari uliochoma sehemu inayokanyaga lami, tundu la milimita 4 hivi, inafanya kazi vizuri. Ukifika kwa fundi mwambie kabla hajafungua tairi kwamba mna dawa ndani. Itabidi aioshe, na kama gurudumu lina kifaa cha kupima upepo kilichounganishwa na dashibodi, akisafishe nacho, la sivyo taa ya onyo itaendelea kukusumbua.

Tatizo linalowanasa wengi hapa kwetu ni umri wa dawa. Dawa hiyo ina tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka minne au mitano hivi tangu itengenezwe, chache zaidi ya hapo. Nayo sheria ya Kenya inaruhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo halijazidi miaka 8, na wanunuzi wengi huchukua la miaka 6 au 7 kwa sababu ya bei. Piga hesabu mwenyewe: chupa iliyowekwa kiwandani imekwisha muda wake kabla meli haijatia nanga. Ongeza joto la buti la Mombasa lililoanikwa juani kutwa nzima. Inaweza kuwa imegandana ndani, au maji yamejitenga na utomvu, na hutajua mpaka uwe umeshaifungua kando ya barabara. Itafute tarehe kwenye lebo. Maneno ni ya Kijapani lakini mara nyingi mwaka na mwezi huandikwa kwa tarakimu zinazosomeka. Ikiwa imepita, nunua nyingine. Pampu yenyewe usiitupe, ina kazi hata kwa mwenye spea.

Hata chupa mpya haisaidii kitu ubavu wa tairi ukipasuka, na ubavu ndio unaoumia sana kwenye barabara zetu. Mvua za masika zikishamaliza kazi yake Aprili na Mei, mashimo hufunikwa na maji na huyaoni. Kwingine lami imemeguka pembeni, ukingo wake ni mkali, na dereva anayepisha matatu au lori hushuka na kupanda ukingo huo kwa ubavu wa tairi. Soma namba za tairi lako uone una ulinzi kiasi gani. Tairi la 185/65R15 lina ubavu wa milimita 120, yaani asilimia 65 ya upana wa milimita 185. La 205/45R17, ambalo vijana hulipenda kwa sababu rimu inaonekana kubwa, lina milimita 92 tu. Ubavu ukipungua, rimu inakaribia shimo. Mwenye matairi ya namna hiyo asitegemee chupa hata akiwa hatoki Bamburi.

Kuna pia matairi yanayoweza kukimbia bila upepo, ambayo BMW nyingi huja nayo. Ubavu wake ni mgumu, na watengenezaji wengi huruhusu kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Yatakufikisha mahali, lakini mahali hapo si lazima pawe na tairi la saizi yako.

Hapo ndipo barabara ya Nairobi inapoingia kwenye hesabu. Ukishapita Mariakani unafuata Samburu, Taru, MacKinnon Road na Maungu hadi Voi, ambayo iko kilomita 150 na zaidi kidogo kutoka Mombasa. Mafundi wapo kwenye vituo hivi, wengi wao wamezoea malori, na pancha ya kawaida watakuzibia vizuri. Tairi jipya la gari lako dogo ni jambo jingine. Kutoka Voi hadi Mtito Andei ni karibu kilomita 100 nyingine, na barabara inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ndovu hukatiza barabara pale, na simba wapo. Kubadili gurudumu humchukua asiyezoea nusu saa au zaidi, akiwa amechuchumaa gizani. Kwenye kipande hicho usiku, ushauri wetu ni kuwasha taa za dharura na kusonga polepole hadi penye watu na mwanga, hata kama tairi litaharibika kabisa, mradi usukani bado unatii.

Upande wa Malindi ni afadhali. Mtwapa, Kilifi, Watamu, kila baada ya muda kuna mji. Lunga Lunga nako kuna vituo njiani, ingawa baada ya saa mbili usiku wengi huwa wamefunga. Mwenye bima kubwa au uanachama wa AA Kenya, chama cha wenye magari, anaweza kuitisha gari la kuvuta. Soma kwanza mkataba wako unataja umbali gani.

Ukiamua kununua spea, nenda kwa wauzaji wa rimu na matairi ya mtumba ukiwa na gari lenyewe, usiende na jina la gari tu. Pale utaulizwa matundu mangapi. Aqua, Fit, Note na Demio zote kwa kawaida zina matundu manne ya nati yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100, kwa hiyo muuzaji atakwambia rimu moja inaingia zote. Ni kweli nusu tu. Tundu la katikati linatofautiana: Toyota na Mazda hizi ni milimita 54.1, Honda ni 56.1, Nissan ni 60.1. Rimu ya Nissan itaingia kwenye Toyota, lakini ya Toyota haitakaa kwenye Nissan hata uigonge kwa nyundo. Ifungwe hapohapo dukani, nati zote zikazwe, gurudumu lizungushwe kwa mkono muone kama linagusa kaliperi ya breki. Dakika hizo muuzaji akikunyima, hama duka.

Spea nyembamba zile, ambazo ubavuni zimeandikwa herufi T mbele ya saizi, ni nyepesi na huingia kwenye nafasi ya lile povu katika magari mengi. Mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na ni za kukufikisha kwa fundi tu. Upepo wake ni psi 60, karibu mara mbili ya matairi ya kawaida. Kijana wa petroli stesheni, usipomwambia, atakuwekea 32 kama mengine, na siku ya haja utaikuta imelala. Ipime kila unapojiandaa kwa safari ndefu. Angalia pia tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata bila kukanyaga lami. Michelin, kwa mfano, hushauri tairi lolote likiwemo la akiba liondolewe likifika miaka 10, na kwa joto letu sisi tusingesubiri hadi huko.

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, tairi la mbele likipasuka, usifunge spea nyembamba pale. Hamisha tairi zima la nyuma lije mbele, spea iende nyuma. Ni kazi mara mbili, lakini magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, yanayokata kona na yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Magari yanayovutwa na magurudumu yote manne yanataka spea yenye kipenyo sawa na mengine; nyembamba kwa mwendo mrefu itachosha gia na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu.

Hewa ya chumvi nayo inadai haki yake. Spea zinazoning'inia chini ya gari, kama za Hilux na Hiace, hushikwa na mnyororo na kishikizo ambacho hapa pwani hupata kutu hadi kikagoma. Kishushe na kukipaka grisi mara mbili kwa mwaka, na hakikisha jeki nayo inapanda. Weka pia pembetatu za kuakisi mwanga unazotakiwa na sheria kuwa nazo, uziweke mbali nyuma ya gari kabla ya kugusa nati. Abiria washuke, wakae mbali na lami, upande usiopitiwa na malori. Nati zilegezwe gurudumu likiwa bado chini, na wakati wa kufunga zikazwe kwa mshazari, moja na ile inayoitazama, si kwa kufuatana.

Na kabla ya yote hayo, zitazame nati zenyewe. Rimu za mapambo mara nyingi zina nati moja ya kufuli katika kila gurudumu, yenye umbo lake, inayofunguliwa kwa kichwa maalumu. Gari likiwa limepita mikono mingi kutoka Yokohama hadi Miritini, kichwa hicho huwa kimebaki njiani. Usipokiona kwenye buti wala kwenye droo ya dashibodi, mpelekee fundi azitoe nati hizo nne ukiwa bado mjini, aweke za kawaida, na umwombe azijaribu kwa wili spana ya gari lako mwenyewe.