Je, wajua kompyuta hupangaje ruti za malori bila kujaribu njia zote?

Lori likitoka ghalani Mbeya kupeleka mzigo maduka 10, kuna namna 3,628,800 za kupanga lipi lianze na lipi lifuate. Maduka yakifika 15, namna hizo zinapita trilioni 1.3, na hapo bado hujagawa mzigo kwa malori kadhaa. Ndiyo maana programu za usambazaji hutumia mbinu za makisio: hazikuahidi ruti bora kuliko zote, ila hukupa ruti nzuri ndani ya dakika chache.

Mbinu kongwe ambayo haijachuja ni ya akiba, waliyoitoa Clarke na Wright mwaka 1964. Mwanzoni kila duka hupewa lori lake, liende na kurudi. Kisha chukua maduka mawili: umbali wa ghala hadi la kwanza, jumlisha ghala hadi la pili, toa umbali kati yao. Jibu ni kilomita utakazookoa ukiyaweka kwenye lori moja.

Tutumie makadirio: Mbeya–Tukuyu kilomita 70, Mbeya–Kyela 120, Tukuyu–Kyela 50. Malori mawili yatatembea 380, moja 240. Akiba ni 140. Tukuyu na Chimala zinachangia kipande cha kufika njia panda ya Uyole tu, kama kilomita 10 kwenda na 10 kurudi, basi akiba ni 20. Panga akiba zote kuanzia kubwa, unganisha ukishuka nazo, mradi lori lisizidiwe. Fuso ya tani 10 hubeba mifuko 200 ya saruji ya kilo 50. Tukuyu ikitaka 90 na Kyela 80, imebaki nafasi ya 30. Kiwira ikiagiza 40 inaachwa, japo ipo njiani kabisa.

Sasa, lori lianze Tukuyu au Kyela? Kwa kilomita ni 240 vilevile. Lakini Tukuyu ipo kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari na Kyela kama 500. Ukianza Kyela, unapandisha tani 4.5 za Tukuyu mlima ambao lori lingeupanda tupu. Shusha Tukuyu kwanza, na ghalani mifuko ya Kyela ipakiwe mwanzo, karibu na kichwa cha lori, ili utingo asihamishe mzigo barabarani.

Kosa kubwa la Nyanda za Juu Kusini ni kuilisha programu umbali wa mstari ulionyooka. Kwenye ramani, Chimala na Matamba ni majirani, kumbe kati yao kuna mlima wa kona 57. Weka dakika, tena za kwenda peke yake na za kurudi peke yake, maana kupanda na mzigo si sawa na kushuka.

Akiba huunganisha kinachovutia kwa wakati huo, na mwishoni hubaki vituo vya pembeni vilivyokosa lori. Kwa hiyo mpango hurekebishwa: hamisha duka kwenda lori jingine, badilishana mawili, au kata ruti mahali pawili na ugeuze kipande cha katikati. Kipande kikigeuzwa, dakika zake zote zihesabiwe upya, kwa sababu miteremko imekuwa milima. Marekebisho madogo yakigota, programu nzuri huvunja sehemu ya mpango, tuseme inatoa maduka 30 yaliyo karibu karibu, na kuyapachika upya.

Maduka 1,000 yana jozi 499,500. Usizipime zote, kwa kila duka angalia majirani 20 au 30 walio karibu kwa hesabu ya dakika. Kompyuta iachwe ifanye kazi usiku, kisha mpango ufungwe kabla wapakiaji hawajaanza. Ruti ikibadilishwa lori likiwa limeshajaa, mifuko ya Kyela itabidi ishushwe yote ndipo ipangwe tena.