Madison Square Garden ya leo si ile ya mwaka 1879

Katika makundi ya simu ya wapenzi wa ngumi hapa Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Shangani, huzunguka ujumbe unaodai kwamba ukumbi wa Madison Square Garden wa New York ni jengo lilelile lililofunguliwa mwaka 1879. Sivyo. Kilichodumu tangu 1879 ni jina; jengo lililopo ni la nne, lililofunguliwa mwaka 1968 juu ya stesheni ya reli, baada ya yale ya 1879, 1890 na 1925. Mawili ya kwanza yalikuwa kando ya bustani ya Madison Square, ambako jina lilitoka. La tatu lilihama likabaki nalo, kama soko linavyohamishwa na wateja wakaendelea kuliita vilevile.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa picha za kale husambazwa bila tarehe. Anayetaka kuhakiki alinganishe maumbo: jengo la pili lilikuwa na mnara mrefu, ilhali la sasa ni la duara, ingawa neno Square katika jina lake, ambalo kwa Kiingereza pia ni mraba, humfanya mtu atarajie umbo hilo.

Tunaomba ujumbe huo usisambazwe tena, hasa ule unaoambatanishwa na pambano mashuhuri la uzito wa juu la Machi 1971, kwani lilipiganwa katika jengo hili la nne, lililokuwa na umri wa miaka mitatu tu.