Marudio ya dhahabu si mchanga mtupu

Wachimbaji wadogo wengi wa Ruangwa, mkoani Lindi, huamini kwamba dhahabu ikishatolewa, marudio, yaani mchanga wa mawe yaliyosagwa unaobaki, hayana kitu. Sivyo. Zebaki inayotumika kutoa dhahabu hunasa dhahabu na madini ya fedha, lakini chembe nzito za salfaidi (madini yenye salfa), zile za manjano zinazong'aa na kujikusanya chini ya karai, hupita bila kuguswa, nazo katika baadhi ya miamba hubeba madini mengine kama shaba, kobalti, antimoni au teluri. Kosa la pili, ambalo naliona baya zaidi, ni kudhani kila rundo ni utajiri: yote hutegemea mwamba lilikotoka, hivyo sampuli ipimwe maabara kabla ya kununua marudio ya mtu. Kinywe (grafiti), ambacho Ruangwa inajulikana nacho, kina miamba yake, hakitafutwi kwenye marudio ya dhahabu.