Je, wajua kwa nini mtaa wa mabenki huonekana na fujo kuliko nchi nzima?

England na Wales, takwimu za polisi hutolewa hadharani kila mwezi, mtaa kwa mtaa. Kundi mojawapo ni makosa ya kuvunja utulivu wa umma: kumtishia mtu barabarani, kumporomoshea matusi ya kumtia hofu, kuzua ugomvi mbele za watu. Mengi yanatokana na sheria ya mwaka 1986. Anayetaka kuhamia mji fulani huchukua idadi ya makosa, akaigawa kwa idadi ya wakazi, akalinganisha na wastani wa taifa. Hesabu yenyewe haina kosa. Tatizo ni kigawanyo, yaani idadi ya watu unayogawia.

Chukua City of London, eneo dogo ndani ya jiji la London na kitovu cha mabenki. Sensa ya 2021 iliwakuta humo wakazi wapatao 8,600 tu, ilhali wanaofanya kazi humo ni zaidi ya nusu milioni, mbali na watalii na wanywaji wa Ijumaa jioni. Tuseme, kwa mfano tu, yametokea makosa 86 kwa mwaka. Ukigawa kwa wanaolala humo, unapata makosa 10 kwa kila watu 1,000. Ukigawa kwa wanaoshinda humo, halifiki hata kosa moja. Mlevi ni yuleyule, tena pengine kwake ni mbali kabisa, lakini tusi lake linaandikwa kwa jina la wenyeji.

Westminster, eneo jingine la katikati ya London, lenye wakazi 204,000 hivi, linabeba mzigo kama huo: kumbi za maonyesho, baa, maandamano. Blackpool, mji wa pwani, nao una wageni wake wa ufukweni.

Halafu kuna suala la uandikishaji, ambalo wengi hulisahau. Mwaka 2014 wakaguzi wa kazi za polisi waligundua kuwa takriban kosa moja kati ya matano yaliyoripotiwa halikuandikishwa. Baada ya hapo polisi walikaza uzi, na makosa ya kundi hili yakapanda sana vitabuni. Watakwimu wenyewe walieleza kuwa sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na uandikishaji bora. Kwa hiyo mji wenye polisi makini unaweza kuonekana mbaya kuliko jirani yake mzembe. Na kwa kuwa wastani wa taifa huvutwa juu na miji mikubwa, mji mdogo kuwa chini yake si jambo la kujivunia sana.

Kwa maoni yangu, linganisha mji wa chuo na mji wa chuo, wa ufukweni na wa ufukweni. Kisha tazama makosa yamejazana wapi: mara nyingi ni mtaa mmoja wa baa, karibu na stesheni. Ila usimhukumu mwenye nyumba kwa alama iliyo mlangoni pake kwenye ramani. Ramani ya polisi husogeza kila tukio hadi nukta ya jirani iliyopangwa awali, ili kulinda siri za waathirika.